R ya Rusahunga

Biharamulo, Jumatatu 1 Machi 1999

Kwa Bwana Gozbert,
Mkuu wa Stoo ya Dawa za Utafiti,
Ngara.

Shikamoo.

Mimi ni Jovina, binti wa Domisiana, karani wako. Labda hunikumbuki. Siku ya pili baada ya Krismasi ulipita kwetu Nyamiaga, nikakupa kiti, kisha nikaenda kusomea nyuma ya nyumba. Ulimwambia mama kwamba ana binti asiye na ulimi. Ni kweli, mbele ya watu ulimi wangu hufungika. Kama ningekuja ofisini kwako ningeangalia viatu vyangu mpaka unifukuze. Ndiyo maana ninaandika.

Jana kondakta wa basi la Ngara ameniletea habari za nyumbani. Amesema mama amesimamishwa kazi tangu Alhamisi, na kwamba ulimnyang'anya ufunguo mbele ya wapakiaji. Amesema pia kwamba mkaguzi wa utafiti atakapofika kutoka Mwanza tarehe 24, utamwambia kuwa mama ameghushi daftari la redio. Neno hilo nimelitafuta kwenye kamusi ya shule ili niwe na hakika. Kughushi si kukosea. Ni kuandika uongo kwa makusudi.

Mama alianza kazi mwaka 1994, watu walipofurika kutoka ng'ambo ya daraja la Rusumo. Alianza kwa kubeba mablanketi kichwani. Baadaye akapima unga, baadaye akawa karani, na mwezi wa kwanza mwaka huu ulimwambia kwa kinywa chako kwamba utafiti ukifunguliwa upande wa Biharamulo, stoo ya huko ataiongoza yeye. Mtu aliyeghushi hapewi stoo. Hapewi huko, wala hapo, wala popote.

Ninaomba jambo moja. Unieleze ameghushi nini.

Jovina,
Kidato cha Tatu.


Ngara, 5 Machi 1999

Binti Jovina,

Marahaba. Barua yako imenikuta katikati ya kazi za watu wazima. Sikujua kama siku hizi shule zinafundisha watoto kuwahoji wakubwa, ila kwa kuwa umetumia kamusi, nami nitatumia subira. Nitakueleza polepole, kama unavyoelezwa darasani.

Wajawazito wa kambi ya wakimbizi wanapewa vidonge vya kuzuia malaria. Viko vya namna mbili, vya zamani na vipya, na kwa macho vinafanana kama maharage ya ganda moja. Katoni za namna moja zimeandikwa L, za namna nyingine R. Ipi ni ipi, sijui mimi, hajui muuguzi, hajui mama yako. Anayejua yuko ng'ambo, na bahasha yake imefungwa mpaka utafiti uishe. Stoo ina kazi moja tu: mwanamke aliyeanza na L amalize na L, na aliyeanza na R amalize na R.

Tarehe 9 Februari zahanati ya kambini iliomba katoni nne za L kwa redio. Mama yako akatoa nne za R. Siku ya kugawa, muuguzi Frednand alikuwa amelala na homa, na wasaidizi wake wakagawa walicholetewa. Wanawake thelathini na mmoja wamemeza kisicho chao. Kwa utafiti, hao sasa ni kama hawakuwahi kuzaliwa.

Mtu akikosea ninamwonya. Lakini daftari la zahanati linasema L, na la mama yako linasema R, naye anaapa kwamba R ndiyo aliyoisikia. Frednand nilimuuliza, akasema aliomba L. Basi mmoja ameandika baada ya tukio ili ajifiche, na si Frednand. Uongozi si kubembelezana, binti. Anayeshika ufunguo wa dawa anashika matumbo ya watu.

Rudi kwenye vitabu vyako. Ukiniandikia tena nitamwandikia mkuu wako wa shule.

Gozbert


Biharamulo, 9 Machi 1999

Bwana Gozbert,

Shikamoo.

Hukuwa na haja ya kumwandikia mkuu wa shule. Nimempelekea barua yako mimi mwenyewe. Ameisoma yote, akasema una mwandiko mzuri.

Umenieleza vizuri kazi ya stoo, na ninakushukuru. Lakini hukuniambia kama wino ni tofauti, au kama pamefutwa, au kama mstari umebanwa katikati ya mingine. Umesema tu kwamba madaftari mawili hayalingani. Madaftari mawili yasipolingana, katika moja mna kosa. Kwamba mna uongo, hilo bado halijaonekana.

Ninakuomba uninakilie mstari wa tarehe 9 neno kwa neno, kama ulivyoandikwa na mama. Ni mstari mmoja tu. Kama una uhakika, hautakudhuru.

Jovina


Nyamiaga, 12 Machi 1999

Jovina,

Nani alikutuma? Jana nilikwenda stoo kuchukua kanga yangu na sufuria ya uji, nikamkuta Gozbert anawasomea wapakiaji barua zako kwa sauti. Alipofika kwenye kamusi, Elick akaniuliza kama mwanangu anakuja kukagua stoo au kuolewa humo. Wakacheka mpaka mmoja akakaa juu ya katoni. Nimefanya kazi na watu hao miaka mitano bila kuchekwa.

Kwa kuwa umekwisha kujiingiza, jua ilivyokuwa, kisha unyamaze.

Herufi zile mbili ni shida tangu mwanzo. Ela na era, kwetu sisi, hata bila redio ni kitu kimoja, seuze na redio inayokoroma. Wazungu walibandika karatasi ukutani kwamba L isemwe Lima, na R isemwe Romeo. Siku ya kwanza Frednand akasema, "Lima, lima," Elick akachukua chombo akamjibu, "Lima wewe, mimi nina mgongo." Siku hiyo hakuna aliyefanya kazi. Gozbert akaibandua karatasi, akasema redio si ngoma.

Mwezi wa kwanza nikamwandikia Gozbert barua kwamba herufi hizo zibadilishwe, katoni ziwekewe utepe wa rangi. Hakuijibu kwa maandishi. Alinijibu mlangoni, "Unataka wazungu waseme sisi Wahangaza hatujui herufi?" Akaitia kwenye droo. Basi nikatafuta njia yangu. Nilimwambia Frednand, kila ukiomba, taja mji unaoanza na herufi hiyo.

Asubuhi ile alisema, "Ya Rusahunga, mama, katoni nne." Nikamrudia, "Rusahunga?" Akasema, "Ndiyo, Rusahunga." Nikaandika R, nikaandika na mji. Nilitoa nilichoombwa. Kama sasa anakana, hilo ni lake na Mungu wake.

Mimi si mwongo. Mkaguzi akija nitasema hivyo hivyo. Wewe soma.

Mama yako,
Domisiana


Ngara, 15 Machi 1999

Binti Jovina,

Umeomba mstari. Huu hapa, neno kwa neno, usiseme nimekuficha:

"9/2. Saa 3.30 asubuhi. Zahanati. R, Rusahunga. Katoni 4. D."

Umeridhika? Wino ni ule ule na hapakufutwa, kwa maana mama yako si mshamba wa kazi hii. Hakutosheka na herufi. Akaongeza na mji, ili uongo usimame kwa miguu miwili. Lakini hapo ndipo alipojifunga mwenyewe. Mtu anayeomba L angetajaje Rusahunga? Rusahunga ni R, hata mtoto wa darasa la pili anajua. Frednand ni mzaliwa wa Biharamulo, hawezi kukosea mji wa kwao. Basi mji huo umetungwa mezani kwa mama yako.

Mstari huo huo ndio nitakaomwonyesha mkaguzi. Nilikuwa nimeanza kumhurumia Domisiana, ila wewe na maswali yako mmenisaidia kupanga maelezo yangu. Mwambie nashukuru.

Gozbert


Biharamulo, 18 Machi 1999

Bwana Gozbert,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikaona mama amekwisha. Niliisoma mara ya pili nikaenda maktaba kuangalia atlasi, ingawa sikuwa na haja ya atlasi. Kila ninapokuja shule, basi letu likipita Nyakahura na kufika njia panda, kuna kibao cha bati pembeni mwa barabara. Nimekisoma mara nyingi kwa sababu basi husimama hapo watu wakinunua ndizi, nami huwa sishuki. Kimeandikwa LUSAHUNGA.

Ni L, Bwana Gozbert.

Frednand ni wa Biharamulo kama ulivyosema, na mji wa kwao anaujua. Aliomba L, akataja Lusahunga. Mama akasikia Rusahunga kama sote tunavyousema, akaandika kama alivyosikia. Muulize Frednand swali ambalo hukumuuliza: siku ile alitaja mji gani?

Hakuna aliyeghushi. Na katika barua yako umeliandika jina hilo mara tatu. Mara moja ulikuwa unanakili. Mara mbili ni zako mwenyewe, na zote umeanza na R, tena katika sentensi ya kusema kwamba hata mtoto wa darasa la pili anajua. Kama redio ingekuwa mkononi mwako asubuhi ile, wanawake wale wale wangemeza vidonge vile vile.

Nina swali la pili. Mama alikuandikia mwezi wa kwanza akiomba herufi zibadilishwe. Barua hiyo nayo mkaguzi ataonyeshwa?

Jovina


Biharamulo, 18 Machi 1999

Mama,

Shikamoo. Nimekosa utii na ninaomba unisomee mpaka mwisho.

Frednand hakukana neno lake, na wewe hukusema uongo. Mji ule unaandikwa kwa L. Lusahunga. Maneno ya Kiswahili ulijifunza kwenye vitabu, na sijawahi kuona barua yako yenye kosa, lakini majina ya vijiji tunayajua kwa kusikia, na hakuna mwalimu anayetuandikia ubaoni. Gozbert pia haijui herufi hiyo. Ameandika kwa R na hakushtuka. Nadhani watu wote wa stoo wamelisoma daftari lako na hakuna aliyeona kitu.

Kwa hiyo ulikosea, Mama. Nimelifuta neno hilo mara mbili katika karatasi ya kwanza, kisha nikaona hakuna jingine.

Nataka kumwandikia mkaguzi. Anaitwa Bibi Priscila, jina lake nimelipata kwa kondakta. Nitaeleza habari ya mji, na habari ya barua yako ya mwezi wa kwanza. Nitasema ulikosea na kwamba ulikuwa umeonya. Yote mawili ni kweli, na moja bila jingine si kweli.

Nijibu upesi.

Jovina


Nyamiaga, 20 Machi 1999

Jovina,

Usipeleke.

Nimeambiwa mwongo, nimevumilia, kwa sababu najua si kweli, na siku moja litaondoka. Hili lako haliondoki. Mwongo watu humwogopa. Asiyejua herufi watu humcheka, na huchekwa mpaka kwenye mazishi yake. Mimi nimeishia darasa la saba, na kila katoni ya dawa iliyoingia kambini tangu 1997 imeandikwa kwa mkono huu. Unataka waseme ni mkono wa mjinga? Stoo ya Biharamulo nani atampa mtu wa namna hiyo?

Nilikupeleka shule upate kusoma. Sikukupeleka uje kunisahihisha mbele ya watu.

Domisiana


Ngara, 20 Machi 1999

Jovina,

Tuzungumze kama watu.

Nimemuuliza Frednand. Ni kama ulivyosema. Umefurahi, nami sina la kubisha.

Sasa sikiliza, maana wewe una akili ya kitabu na hii ni ya kazi. Nimetayarisha karatasi yenye mistari sita. Inasema kosa limetokana na hitilafu ya redio. Wakaguzi wanapenda hitilafu za vyombo, kwa kuwa chombo hakina ndugu wa kulalamika. Domisiana atatia sahihi, nami nitatia sahihi. Jumatatu ijayo atapewa ufunguo wake, na ile stoo ya Biharamulo itabaki kwa jina lake. Wanawake wale wameambiwa dawa yao imekwisha, na wameridhika. Hakuna aliyekufa.

Sharti ni kwamba barua ya mwezi wa kwanza haikuandikwa, na wewe hukuwahi kusoma kibao chochote.

Utaniita mwoga. Nilipokuwa chuo Mwanza mwalimu alinisimamisha nisome kwa sauti. Nikasema "kurara". Tangu siku hiyo sikuwa tena Gozbert. Hata wapishi waliniita Kurara, miaka miwili, nikapokea na cheti changu watu wa nyuma wakiliita jina hilo. Mama yako aliponiletea barua ya kwamba watu wa huku hatutofautishi herufi, alitaka niipeleke kwa wazungu iwe na sahihi yangu. Nisingeweza. Hilo sikumweleza yeye, na sijui kwa nini nakueleza wewe.

Ukikubali, mama yako ni kiongozi. Ukikataa, nitasema mimi ndiye niliyeligundua kosa lake, na kwamba ni la kutojua kusoma. Chagua.

Gozbert


Biharamulo, Jumatatu 22 Machi 1999

Bwana Gozbert,

Shikamoo.

Nilitaka kukubali. Niliandika "nakubali" kwenye karatasi nyingine, nikaikalia somo zima la hesabu. Mama amenikataza kusema, wewe umenikataza, na mimi ni mtu ambaye hata darasani sinyooshi kidole. Ingekuwa rahisi.

Lakini karatasi yako ya mistari sita ikipita, katoni za Aprili zitaombwa kwa redio ile ile, na herufi zile zile, na watu wale wale tunaosema mamoja. Nimefikiri nani atamlinda mwanamke wa Aprili. Nimekosa jina.

Barua kwa Bibi Priscila nimempa dereva wa basi leo saa moja asubuhi. Nimeeleza kosa la mama, nimeeleza na droo yako. Habari ya Mwanza sikuiandika, wala sitaiandika. Pole kwa jina hilo. Mimi hapa bwenini wananiita Bubu.

Jovina


Nyamiaga, 11 Aprili 1999

Jovina,

Sikukuandikia wakati wa Pasaka kwa sababu nilikuwa na hasira. Bado ninayo. Nakuandikia nikiwa nayo.

Jumanne ile, siku moja kabla ya mkaguzi, Gozbert alikuja nyumbani na karatasi yake. Safari hii hakungoja kiti, alikaa juu ya kinu. Akaniambia nikitia sahihi, Biharamulo ni yangu. Nikaisoma. Ilikuwa imepigwa taipu vizuri, nikashika kalamu. Sitakuficha, nilikuwa natia sahihi. Kwa desturi tu nikamuuliza maombi ya Aprili yakoje, maana nilitaka kujua kesho kutwa ninapakia nini. Akasoma kwenye daftari lake, "Sita za era, kumi za ela." Nikasema, rudia. Akarudia. Nikasema, rudia tena. Mara zote tatu nilisikia kitu kimoja, Jovina, naye alikuwa amekaa mbele yangu, hakuna redio wala mkoromo. Nikamrudishia kalamu yake. Akaniuliza kama nimerogwa na mtoto wangu.

Jumatano nilisema yote mbele ya Bibi Priscila, na wapakiaji wakiwa mlangoni. Akanipa karatasi, akasema niandike jina la mji ule. Nilikuwa nimekwisha kuijua herufi yake, wewe ulikuwa umeniambia, lakini mkono ulikwenda wenyewe ukaandika R. Elick alicheka kwanza, wengine wakamfuata. Gozbert hakucheka. Akaambiwa naye aandike, akasema miwani yake iko nyumbani. Hakuna aliyewahi kumwona na miwani.

Barua yako kwa Bibi Priscila ilifika Ijumaa. Nilikuwa nimekwisha kusema tangu Jumatano. Kwa hiyo usijisifu kwamba uliniokoa. Ulichofanya ni kunitangulia bila ruhusa yangu, na mtoto hamtangulii mama yake katika aibu yake.

Mambo yameamuliwa hivi. Neno kughushi limefutwa. Nimepewa onyo la maandishi la mwaka mzima, nimebaki karani. Barua yangu ya mwezi wa kwanza ilitolewa kwenye droo, ikasomwa, na katoni sasa zina utepe, za namna moja wa njano, za nyingine wa bluu. Gozbert amehamishiwa mafuta ya magari. Stoo ya Biharamulo amepewa Shilinde, kijana wa Mwanza. Wiki ijayo anakuja Ngara nimfundishe kazi, kisha aende akawe mkubwa wa mahali nilipoahidiwa mimi. Nitamfundisha vizuri, asije akasema nilimnyima. Hapa kwetu hajateuliwa mtu. Funguo zinakaa kwa mhasibu, na kila asubuhi naziomba kama mgeni.

Limebaki moja la kukuambia. Bibi Priscila, kabla hajaondoka, alisema wale wanawake thelathini na mmoja hawawezi kuachwa na uongo wa kwamba dawa imekwisha. Lazima mtu wa stoo aende kambini awaeleze kilichotokea, na aseme watapimwa wao na mimba zao mpaka wajifungue. Akauliza ni nani. Gozbert akaangalia saa yake. Mhasibu akasema yeye ni wa vitabu. Frednand akasema yeye ni wa zahanati, na kosa halikuanzia kwake, na hapo hakukosea.

Nilikwenda Alhamisi. Waliketi chini ya turubai la kupimia uzito, na matumbo yao. Niliwaambia kwa Kiswahili, kisha nikarudia kwa Kihangaza, ambacho Warundi wa kambi ile wanakisikia vizuri, ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Niliwaambia nilisikia vibaya, nikaandika vibaya, na hawakupewa dawa yao. Mmoja alinitukania mama yangu. Mwingine aliinuka akaenda zake, nikamngoja mpaka akarudi. Wengine waliweka mikono juu ya matumbo, na hao ndio walioniumiza.

Yuko mmoja anaitwa Ishimwe, mimba yake ya miezi minane, alikuwa mbele kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Hiyo stoo yenu haina mkubwa? Mbona hakuja yeye, amekutuma wewe?"

Nilitaka kumwambia kwamba mkubwa amehamishwa, na mpya hajaja, na mimi ni karani mwenye onyo. Ningesema kweli tupu. Lakini walikuwa wananitazama wote, na hakukuwa na mtu mwingine aliyesimama pale.

Nikamwambia, "Mkubwa ni mimi."

Domisiana